Si kila pua inayotiririka Goma ina sinusiti

Simama kidogo mbele ya farmasi yoyote ya Birere au karibu na soko la Virunga wakati wa kiangazi, utasikia jina moja la ugonjwa likirudiwa na kila anayefika: sinusiti. Anakuja motari, yaani dereva wa teksi ya pikipiki, vumbi jeusi bado limemkalia kwenye nyusi: “Dokta, niko na sinusiti, munipatie ile dawa.” Anakuja mama ambaye kila asubuhi hupiga chafya mfululizo kabla hata hajawasha mbabula, lile jiko la makaa: sinusiti. Nyuma yake mwingine amemshika mkono mtoto wa shule anayesugua pua kwa kiganja tangu walipofika. Huyo naye, wanasema, amerithi sinusiti ya baba yake. Wote watatu huondoka na bahasha zinazofanana: amoksilini ya siku tatu, vidonge vya klorofenamini, na pengine deksametazoni kidogo “ili ipone haraka”.

Kwa jinsi walivyojieleza, motari huenda ana pua iliyokereketwa tu, mama huenda ana mzio, na mtoto ama ana mzio kama mama yule, ama ana kitu kingine kinachotakiwa kuangaliwa puani kwa taa. Sinusiti yenyewe huenda haimo hata kwa mmoja wao. Jina likikosewa pale dirishani, dawa nayo hukosewa, na baadhi ya dawa zinazotolewa kwa makosa hayo zina madhara makubwa kuliko ugonjwa uliompeleka mtu kununua.

Majina yanayochanganywa

Tuanze na sinusiti, maana ndiyo inayobebeshwa mizigo ya wengine. Ndani ya mifupa ya uso, kwenye paji, mashavuni na katikati ya macho, kuna mapango madogo yenye hewa ambayo humwaga ute wake puani kupitia vitundu vyembamba. Vitundu hivyo vikiziba, ute hulala ndani na vijidudu huzaliana. Hapo uso huuma au hulemea, hasa mtu akiinama. Makamasi huwa mazito, ya njano au ya kijani. Harufu hazisikiki vizuri. Wakati mwingine meno ya juu huuma na homa hupanda. Lakini sinusiti haiwashi. Mtu anayefikicha macho, anayejikuna pua, anayepiga chafya nane kwa mpigo huku akitokwa na maji mepesi yasiyo na rangi, huyo tumtafutie jina jingine.

Mafua ya kawaida, ambayo wengi wetu tunayaita gripi, huletwa na virusi. Koo huanza kuuma, mwili unachoka, pengine homa kidogo, kisha pua inafunguka. Baada ya siku 7 hadi 10 yamekwisha, umekunywa dawa au hukunywa. Makamasi yake yanaweza kugeuka kijani siku ya tatu au ya nne na bado yakawa mafua tu. Rangi ile hutokana na chembe za kinga zilizofika kupigana, na peke yake haitoshi kumfanya mtu anunue antibiotiki.

Halafu kuna mzio wa pua, ambao hapa wengi hutamka “alerji” na ambao daktari huandika riniti ya mzio. Dalili zake kubwa ni nne: chafya za mfululizo, maji mepesi puani, muwasho wa pua (mara nyingi na wa macho, masikio, hata kaakaa), na kuziba. Homa haipo. Nayo haihesabiwi kwa siku kama mafua. Huja na mahali au na saa. Asubuhi kitandani, jioni kwenye chumba fulani, kila ukifagia, kila ukimtembelea shangazi mwenye paka. Ukiwa na mtu ndani ya nyumba ambaye “mafua” yake hayajawahi kumwambukiza yeyote, tayari una sababu ya kushuku.

Jina la nne halina umaarufu, ingawa katika mji huu lingestahili kuwa la kwanza: riniti isiyo ya mzio. Pua inatiririka na kuziba kwa sababu imekereketwa na moshi, baridi, harufu kali ya petroli au manukato, au vumbi tupu. Muwasho ni kidogo au haupo, na macho kwa kawaida hayahusiki, isipokuwa yameungua kwa moshi wenyewe. Kipimo chochote cha mzio utakachomfanyia mtu huyu hakitaonyesha kitu.

Mwili unapokosea adui

Tofauti kati ya kukereketwa na kuwa na mzio ndiyo inayoamua mengine yote, kwa hiyo ipewe nafasi yake.

Kitu kinachokereketa kinamkereketa kila mtu. Mbabula ikitoa moshi ndani ya nyumba ya mbao iliyofungwa, wote watakohoa, anachotofautiana mtu na mwenzake ni kiasi. Mzio huchagua. Watu watano wanalala chumba kimoja, mmoja tu ndiye anayeamka na pua iliyoziba, kwa sababu mwili wake, siku fulani ya nyuma ambayo hata haikumbuki, ulikutana na protini isiyo na hatari yoyote ukaiandikia kingamwili. Kingamwili hiyo inaitwa IgE, na ilitambuliwa na watafiti wa Marekani na wa Sweden kati ya 1966 na 1967. IgE hujibandika juu ya chembe ziitwazo mastositi, ambazo zimejaa kwenye ngozi laini ya ndani ya pua. Kukutana kwa kwanza hakuleti dalili. Ndiyo maana mtu husema “lakini nimeishi na huyu paka miaka yote”. Mwili ulikuwa unajiandaa.

Protini ile ikirudi, mastositi hupasua mifuko yake na kumwaga histamini. Ndani ya dakika chache histamini inawasha mishipa ya fahamu (chafya na muwasho), inafungua tezi (maji), inavimbisha mishipa ya damu (kuziba). Hiyo ni awamu ya kwanza. Saa 4 hadi 8 baadaye, au zaidi, inakuja ya pili: chembe nyingine za kinga zimeitwa, zimefika, na sasa pua imevimba kwa uvimbe mzito ambao histamini si msemaji wake mkuu tena. Ikumbuke awamu hiyo ya pili, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kidonge kinakomesha chafya lakini pua inabaki imeziba.

Neno protini nililitumia kwa makusudi. Vichochezi vya mzio wa pua, karibu vyote, ni protini zilizotoka kwa kiumbe hai: mdudu, mnyama, mmea, kuvu. Jiwe si protini.

Vumbi la Nyiragongo na vumbi la godoro

Goma imejengwa juu ya lava. Ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani; ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene. Barabara zisizo na lami, mawe yanayopondwa kwa ajili ya ujenzi, chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na malori yanayosaga yale yale kila siku: vumbi tunalolila kuanzia Juni hadi Agosti ni mwamba uliosagwa. Linakwaruza, linakausha, linaziba, na kwa mtu mwenye pumu linaweza kuleta shambulio. Ni kitu cha kujikinga nacho kwa dhati. Lakini IgE haiandikwi dhidi ya mwamba. Ndivyo ilivyo pia kwa gesi ya salfa inayoshuka na upepo siku ambazo volkano zinapumua sana, na kwa moshi wa makaa.

(Na kwa kuwa tumetaja gesi: mazuku, ile hewa ya kaboni inayojikusanya mabondeni upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake, haina uhusiano wowote na chafya. Haina rangi wala harufu, na mtu haiugui pua kwa sababu yake, inaua. Asije mtu akaiweka kwenye orodha ya vitu “vinavyosumbua alerji”.)

Basi motari wetu: dalili zinaanza akiwa barabarani, zinapungua Jumapili akipumzika, macho yanachoma lakini hayawashi. Yeye anahitaji kitambaa au barakoa inayobana pembeni, miwani, na kuosha pua jioni. Antihistamini (dawa ya mzio, kama ile klorofenamini) itamlaza usingizi juu ya pikipiki, na vumbi litabaki pale pale.

Mama anayepiga chafya alfajiri, kabla hajatoka nje na kabla ya moshi wowote, anazungumzia vumbi jingine kabisa. Vumbi la ndani ya nyumba lina nyuzi za nguo, vipande vya ngozi yetu iliyokufa, mabaki ya mende, na zaidi ya yote utitiri wa vumbi: viumbe vya jamii ya buibui, vifupi kuliko nusu milimita, visivyoonekana kwa macho, visivyouma. Hula ngozi inayodondoka mwilini mwetu na hupata maji yao kutoka kwenye unyevu wa hewa. Godoro la sponji, mto wa miaka mingi, blanketi nzito zisizokauka vizuri: humo ndimo vinamoishi. Mji ulio kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wenye misimu miwili ya mvua na usiku wa baridi unaotufanya tufunge madirisha na kuongeza blanketi, unavilea vizuri. Kinacholeta mzio hasa ni kinyesi chao, chembe nzito ambazo hazikai hewani muda mrefu. Zinatua. Kwa hiyo mahali mtu anapozivuta kwa wingi ni pale alipolaza uso wake saa 7 au 8, na pale anapokung'uta shuka akiwa amesimama juu yake.

Ndiyo maana ushauri wa “usitoke nje kwenye vumbi” unaweza kumfanya mgonjwa wa namna hii azidi kuugua.

Cha kufanya kipo na hakihitaji mashine. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, ya nyuzi 60 kama inawezekana, maana chini ya 55 utitiri mwingi hupona. Nyumbani ina maana ya maji ambayo mkono hauwezi kuyavumilia, nguo ziachwe zilowe humo. Mto wa zamani utupwe, ni bora kuliko kuusafisha. Godoro litolewe juani siku kavu na lipigwe nje, lakini na mtu mwingine, asiye na mzio. Jua linakausha na kupunguza utitiri. Kinyesi kilichokwisha kuingia ndani halikiondoi, kwa hiyo mfuniko wa godoro wenye zipu na kitambaa kilichosokotwa kwa kubana una faida yake ukipatikana. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya ufagio. Nguo za balo (mitumba) zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Jambo hili kila mama analijua, ila halifanywi kila mara kwa blanketi na mapazia ya balo.

Vichochezi vingine nitavipitia haraka. Mende: protini za kinyesi na maganda yao ni kichochezi kikali mijini, hasa kwa watoto wenye pumu, na huwa hewani pale zinapotibuliwa kwa kufagia. Chakula kifunikwe, mianya ya mbao izibwe. Kuvu: yale madoa meusi ukutani au chini ya dari baada ya Aprili na Novemba, kuyapaka rangi juu hakusaidii kama bati bado linavuja. Paka: tatizo liko kwenye mate na tezi za ngozi yake, ambavyo huyapaka manyoya anapojilamba, na protini hiyo, tofauti na ya utitiri, ni nyepesi na huelea kwa saa nyingi, hubaki chumbani hata miezi baada ya paka kuondolewa.

Na chavua? Kwenye vitabu vya Ulaya ndiyo inayotawala; John Bostock wa London alieleza ugonjwa wake mwenyewe wa kila kiangazi mwaka 1819, na Charles Blackley wa Manchester akaonyesha mwaka 1873 kwamba chavua ya majani ndiyo iliyokuwa ikiusababisha. Huko majira yanabadilika ghafla na majani yote huchanua pamoja. Hapa karibu na ikweta kuchanua kumetawanyika katika mwaka, na msimu wenye mpaka ulionyooka haupo. Chavua inayosumbua ni ile nyepesi inayobebwa na upepo, hasa ya majani na nyasi. Maua makubwa yenye rangi kali, ya kwenye nyua za Himbi, hutegemea nyuki; chavua yake ni nzito na yenye kunata, na mara nyingi husingiziwa bure.

Kipimo, na tatizo la minyoo

Mzio wa pua kwa sehemu kubwa hutambuliwa kwa maswali mazuri: lini, wapi, kuna muwasho, kuna mtu wa ukoo mwenye pumu au ukurutu. Vipimo huja kuthibitisha. Kile cha ngozi ni tone la kichochezi mkononi na mchomo mdogo; baada ya dakika 15 hadi 20 kivimbe cha milimita 3 au zaidi kinahesabika, mradi mgonjwa aliacha antihistamini siku kadhaa kabla, la sivyo majibu yatakuwa ya uongo. Kile cha damu hupima IgE ya kichochezi kimoja kimoja.

Kuna kipimo cha tatu ambacho watu hulipia na kukipeperusha: IgE ya jumla. Hapa kwetu tahadhari inatakiwa. Minyoo ya tumbo nayo hupandisha IgE ya jumla, tena sana, na hupandisha pia zile chembe nyeupe ziitwazo eosinofili. Mtoto mwenye IgE kubwa na minyoo tumboni anaweza asiwe na mzio wa kitu chochote. Namba hiyo peke yake isimfanye mzazi auze mbuzi kununua dawa za alerji.

Madaktari huugawa mzio wa pua kwa muda na kwa uzito. Mgawanyo unaotumika zaidi ulitolewa mwaka 2001 na kundi la kimataifa la ARIA: ukiwa na dalili chini ya siku 4 kwa wiki, au kwa chini ya wiki 4 mfululizo, ni wa vipindi, ukivuka vyote viwili, ni wa kudumu. Ukikunyima usingizi, ukikuvurugia shule, kazi au michezo, si mwepesi tena. Mgawanyo huu una matumizi: mwepesi wa vipindi hutulizwa kwa kidonge siku unapokuja, na wa kudumu unaosumbua unataka dawa ya kupuliza kila siku.

Ndani ya bahasha

Antihistamini huzuia histamini isifike pale inapofanyia kazi. Daniel Bovet alipewa Nobel mwaka 1957 kwa utafiti uliozaa, pamoja na mengine, dawa za kundi hili. Kizazi cha kwanza, yaani klorofenamini, prometazini na wenzao, hupenya hadi kwenye ubongo: usingizi, mdomo mkavu, akili kuwa nzito hata asubuhi ya pili. Kumpa motari klorofenamini saa mbili asubuhi na kumwacha aendeshe kuelekea Sake ni kumhatarisha yeye na abiria wake, na bia mbili juu yake ni hatari zaidi. Kizazi cha pili, setirizini na loratadini, hutosha mara moja kwa siku (kwa mtu mzima miligramu 10) na hulaza kidogo sana, loratadini ikilaza kidogo zaidi kuliko setirizini. Loratadini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ile OMS yetu. Kwa kuwa zote hushughulika na histamini, hufaa kwa chafya, muwasho na maji. Kwa kuziba huwa dhaifu, na msomaji aliyekumbuka awamu ya pili anajua sababu.

Nikiwa hapo, mdogo wa familia hiyo hiyo, siproheptadini, ni antihistamini ambayo wadada wengi wa Kongo wanaifahamu kwa kazi nyingine: huongeza hamu ya kula, nayo huuzwa pamoja na deksametazoni kama dawa ya kunenepesha. Anayeitumia hivyo, akija kuongeza klorofenamini ya mafua, anameza mbili za kundi moja bila kujua.

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa mzio wa kudumu haimo kwenye bahasha kwa kawaida: kortikoidi ya kupuliza puani, kama budesonidi, beklometasoni, flutikasoni au mometasoni. Budesonidi ya pua nayo imo kwenye orodha ya OMS. Inatuliza uvimbe wenyewe, pamoja na awamu ya pili. Hulaumiwa kwamba “haifanyi kitu” kwa sababu watu huipuliza siku mbili, hawasikii ahueni, wanaiacha. Inahitaji siku kadhaa, hadi wiki mbili, kufika mahali pake, na hutumiwa kila siku hata pua ikiwa nzuri. Namna ya kupuliza ni nusu ya tiba: penga pua kwanza, inamisha kichwa kidogo mbele, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza katikati unaupiga ukuta unaogawa pua, nao hukauka na kutoa damu. Vuta hewa taratibu; ukivuta kwa nguvu dawa huishia kooni. Inayoingia mwilini ni kidogo mno, na hofu ya kwamba ni “ile kortikoidi inayovimbisha uso” haiihusu kwa kipimo cha kawaida.

Hofu hiyo ielekezwe kwenye vidonge vya deksametazoni, ambayo nayo ni kortikoidi, na kwenye sindano ya kortikoidi, ambayo kuna watu huiomba kila mwaka kwa jina la “sindano ya alerji”. Inafanya kazi, sikatai, na hilo ndilo linaloipa wateja. Lakini inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa ikirudiwa, na inaishusha kinga katika nchi ambayo kifua kikuu kinaweza kuwa kimelala ndani ya mtu bila dalili. Kuna pia mnyoo uitwao strongiloidesi, unaokaa mwilini miaka mingi kwa utulivu. Kinga ikishushwa kwa kortikoidi huweza kuzaliana na kusambaa hadi kumuua mwenyewe. Kuyabeba hayo kwa ajili ya chafya ni hesabu mbaya.

Matone ya kuzibua, yenye naphazolini, oksimetazolini au ksilometazolini, ndiyo yanayopendwa kwa kuwa pua hufunguka ndani ya dakika. Hubana mishipa ya damu iliyovimba, basi, mzio hayaugusi. Baada ya siku 3 hadi 5 mishipa huanza kuvimba zaidi dawa inapoisha, mtu anaongeza matone, saa za ahueni zinafupika. Ni mkopo wa mtaani: kila hewa unayoipata leo unailipa kesho na riba. Nimekutana na watu waliobeba kichupa mfukoni miaka, wasioweza kulala bila hicho, na ambao tatizo lao la sasa ni kichupa chenyewe. Kuacha kunawezekana, mara nyingi kwa kuanza dawa ya kupuliza ya kortikoidi na kuacha matone tundu moja kwanza, kisha la pili. Wiki moja au mbili za taabu. Watoto wadogo wasiwekewe naphazolini: matone machache yaliyozidi yanaweza kuwapoteza fahamu. Vidonge vyenye psedoefedrini navyo havimfai mwenye shinikizo la damu.

Amoksilini haigusi mzio kabisa. Hata sinusiti nyingi za siku za kwanza ni za virusi. Antibiotiki huanza kufikiriwa dalili zikipita siku 10 bila kupungua, zikiwa kali mno na homa ya juu, au zikirudi kwa nguvu baada ya mtu kuanza kupona.

Montelukasti huandikwa mara nyingine, hasa kwa wenye pumu. Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo kali kuhusu mabadiliko ya akili, ndoto mbaya na mawazo ya kujiua, na kushauri isiwe chaguo la kwanza kwa mzio wa pua. Chanjo za mzio, njia iliyoanzishwa na Leonard Noon huko London mwaka 1911, humzoeza mgonjwa kichochezi chake kidogo kidogo kwa miaka mitatu hivi, chini ya mtaalamu na baada ya kichochezi kujulikana kwa kipimo.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunawafaa wote watatu wa pale farmasini, na gharama yake ni ndogo mno. Gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, na ukipata bikaboneti, ncha ya kijiko ili yasichome. Maji yachemke kabisa kisha yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Hapa sina mzaha: maji ya ziwani au ya bidoni yasiyochemshwa yasipitishwe puani hata kama yanaonekana safi, maana yanaweza kubeba vijidudu ambavyo tumboni vingeuawa na tindikali lakini puani havina wa kuvizuia, ikiwemo amiba adimu inayopanda hadi kwenye ubongo. Bomba la sindano lisilo na sindano linatosha; inama juu ya beseni, fungua mdomo, sukuma taratibu. Kama utapuliza dawa, osha kwanza.

Mama mjamzito afahamu kwamba pua inaweza kuziba kwa homoni tu, bila mzio, na itafunguka baada ya kujifungua. Maji ya chumvi ndiyo ya kuanzia. Mengine amwulize anayemfuatilia kliniki, na matone ya kuzibua asijinunulie.

Yapo mambo yanayotaka daktari wa ORL (wa masikio, pua na koo) au angalau hospitali, si dirisha la farmasi. Pua inayoziba au kutoka damu upande mmoja tu, mwezi baada ya mwezi. Maumivu makali ya uso na jicho linalovimba. Kunusa kuliokwisha kabisa, ambako kunaweza kuwa vinyama vilivyoota ndani. Kifua kinachopiga mluzi au kikohozi cha usiku pamoja na pua, kwa sababu wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia na kutibu kimoja bila kingine hakuendi mbali. Kikohozi kinachopita wiki mbili, kipimwe kifua kikuu kwanza, alerji baadaye. Na kwa mtoto mdogo anayetokwa na usaha wenye harufu mbaya kwenye tundu moja, kabla ya jina lolote katika haya niliyoyaeleza, aangaliwe kwa taa: mara nyingi ni punje ya haragi (haragwe) aliyoisukuma humo mwenyewe, na ikivimba kwa unyevu itaondolewa kwa shida kuliko jana.